Mnofu Kwao, Mgongo Wazi Kwetu

Migori, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa Achieng',

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Hujambo, mama? Umefikaje huko? Na kile kikohozi kimekuacha, au bado kinakusumbua ukilala?

Najua utacheka. Wakati naandika haya uko hapo uani na mama yako mnakunja nguo, nawasikia mkibishana ni blanketi lipi litakaloingia sandukuni, nami nimejifungia humu nakuuliza umefikaje. Lakini barua hii nitaitia ndani ya Biblia yako, kwa hiyo utakapoisoma utakuwa tayari mgeni wa Nairobi. Na ukichelewa kunijibu nitajua usomaji wako wa Neno ulivyo. Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu. Nyanya yako wa Kosele amekuletea njugu, ziko kwenye kopo la bluu, usizimalize siku moja.

Mambo ya sabuni, ya kufuli, ya kutokula kwa watu usiowajua, mama yako ameyamaliza tangu Alhamisi. Sitaongeza. Nina jambo moja tu, na limenishinda kulisema kwa mdomo, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Nataka ukitaka kumsomea mtu asiye wa kwetu, hata mwalimu wako huko, usihitaji kumtafsiria.

Leo kanisani walikuombea safari, na mchungaji akakuomba usome ile insha iliyowafanya wadhamini wakuchague. Ulisimama wima, ukasoma vizuri. Ulisema kwamba baba yako, fundi wa mapipa aliyeishia darasa la saba, alibuni jiko la kukaushia samaki kwa moshi, na chuo kikuu kikamnyang'anya. Ukasema unakwenda kusoma somo la ujasiriamali katika chuo hicho hicho, ili wabunifu wa nchi hii wasinyang'anywe tena. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akavua miwani akaifuta.

Mimi nilikuwa natazama benchi la tatu upande wa akina mama, alipokaa mama yako mkubwa Auma, aliyetoka Sindo alfajiri kuja kukuaga. Yeye pia alipiga makofi. Alipiga polepole, kama mtu anayekung'uta unga mikononi, halafu akainamia kitambaa chake. Chakula cha mchana hakukimaliza. Alisema samaki wake hawangoji, akaondoka.

Achieng', jiko lile sikulibuni mimi. Ni la Auma.

Haya, nimeshaliandika. Sasa naweza kukueleza lilivyokuwa, na ninaomba usome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Ulipokuwa bado shule ya msingi niliitwa Sindo kuezeka kanisa. Wiki mbili nilikuwa nakula kwa Auma na mumewe. Wakati huo viwanda vya minofu vilikuwa vimeshika kasi. Wewe umekulia humo, huoni ajabu, lakini mimi mpaka leo jambo hilo halijanishuka kooni. Mbuta, yule samaki mkubwa, anavuliwa katika ziwa letu. Anaingia kiwandani, mnofu unakatwa, unawekwa kwenye barafu, unapandishwa ndege kwenda kwa watu ambao hawajui Sindo iko upande gani wa dunia. Halafu lori linaturudishia mifupa. Kichwa, uti na mkia. Mgongo wazi. Na hata huo hatupewi, tunauziwa. Tulimshukuru Mungu kwa huo pia, tukakulea nao.

Wanawake wa Sindo walikuwa wanaukausha juu ya shimo, kuni chini, waya juu. Mgongo wazi una mafuta mengi. Mafuta yakidondokea moto, moto unaruka, samaki anaungua nje na ndani bado mbichi, na mama wa watu anatoka hapo macho mekundu kama ya mlevi. Wote walifanya hivyo isipokuwa Auma. Yeye alikuwa amechukua nusu ya mtungi uliovunjika, akauweka katikati ya moto na waya, ukiwa umeinama upande mmoja. Mafuta yakidondoka yalitua juu ya mtungi, yakateremka, yakaingia kwenye mkebe ulio pembeni. Moto ulitulia. Moshi ulipanda ukizunguka kando ya mtungi, ukamfikia samaki bila haraka. Samaki wake alitoka na rangi ya chai ya maziwa, mkavu mpaka kwenye kiungo, na mafuta ya mkebe alikaangia.

Nilimuuliza nani alimfundisha. Akanijibu, "Ni macho yangu, shemeji. Yalichoka kulia."

Nilirudi Migori nikiwaza mtungi ule. Nikachukua pipa, nikalichoma kwa maganda ya mpunga siku mbili mpaka rangi na harufu vikaisha, nikalikata mlango ubavuni. Ndani nikaweka bamba la chuma mahali pa kile kigae, nikaliinamisha vilevile kwa boliti, nikalichomelea mrija wa kutolea mafuta. Juu nikatandika waya wa kuvuta kama droo. Hiyo ndiyo kazi yangu, na siidharau. Kuchomelea bamba lisipinde kwa joto kulinigharimu mapipa matatu. Lakini bamba linainama kwa sababu Auma aliinamisha mtungi. Bila hilo, ningekuwa nimetengeneza pipa lenye mlango.

Jiko la kwanza kabisa nilimpelekea yeye kama zawadi. Hebu fikiria. Nilimpa mwenye kitu kitu chake, nikangoja anishukuru, na alinishukuru.

Kwa nini sikusema? Wewe unajua watu wetu. Udongo ni wa wanawake. Mwanamume hafinyangi, na hata akipita karibu na mitungi inayokauka atafukuzwa kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Chuma ndicho chetu. Ningewaambiaje wenzangu pale kwenye vibanda vya jua kali kwamba jiko langu limetoka kwenye kigae cha shemeji yangu? Onyango angenitania mpaka Krismasi, angeniuliza nimeanza lini kuchimba udongo. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kukawa rahisi kila siku inayopita. Majiko yakanunuliwa Sindo, yakafika Mbita, yakafika mpaka Muhuru. Wateja wakaniita Fundi wa Moshi. Nikalizoea jina.

Mwaka uliofuata uchaguzi wa vyama vingi ndipo wale wa chuo kikuu wakaja. Mhadhiri mmoja na wanafunzi sita, katika gari jeupe. Walisema kumeanzishwa somo jipya la kuwafundisha vijana kuanzisha biashara na kubuni vitu, ili nchi isingoje kila kitu kutoka nje. Walikuwa wamesikia habari za jiko. Achieng', nilifurahi mno. Miaka yote ile pale kibandani, mtu mwenye suti akija ni wa kutufukuza kwa sababu hatuna leseni au kwa sababu mkubwa fulani anapita barabarani na sisi tunaonekana vibaya. Hawa walivua viatu mlangoni kwetu. Mama yako akachinja jogoo. Wewe ulitumwa soda.

Walipima jiko siku mbili. Walilichora, wakalipiga picha. Droo waliichomoa, na bamba nililofunga kwa boliti wakanifungulisha, wakalitoa, wakalipima juu ya meza. Juu ya meza kila kitu kimelala. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani ya pipa lilikuwa limekaaje. Nami sikusema, kwa sababu nilidhani watu wenye shahada wameona.

Mmoja wao alikuwa msichana mpole mwenye daftari. Ndiye aliyemsaidia mama yako kuosha vyombo, huenda unamkumbuka. Siku ya pili alikaa nami na fomu yake akaniuliza maswali. Moja lilikuwa hili: ni nani aliyenionyesha au kunifundisha.

Nilimwambia, "Hakuna. Ni akili tu niliyopewa na Mungu."

Akaandika. Nilimtaja Mungu ili nimfiche mtu, mwanangu. Nimefanya makosa mengi. Nimewahi kulewa kabla ya kuokoka, nimewahi kumpiga ndugu yangu. Lakini hilo ndilo linalonirudia nikipiga magoti. Ningesema neno moja tu, Auma wa Sindo, wangekwenda Sindo. Auma si mtu wa kunyamazia wageni. Angewaonyesha bamba linavyoinama na kwa nini, na angewagombeza kwa kukanyaga samaki wake.

Baada ya mwaka mmoja na kidogo nikapata barua ya mwaliko. Semina ya siku moja Homa Bay, kwa mafundi wa jua kali, kufundishwa ujasiriamali. Mama yako alininyooshea shati la kanisani. Njiani nilikuwa nawaza kwamba wataniita mbele, nijiandae na la kusema.

Nilipoingia ukumbini niliona jiko langu limesimama juu ya jukwaa. Lilikuwa limepakwa rangi ya fedha, linang'aa kama mlango wa benki. Pembeni palikuwa na ubao ulioandikwa kwa Kiingereza jina la chuo, jina la mhadhiri, majina ya wanafunzi sita, na chini kabisa maneno kwamba limetokana na utafiti uliofanywa Nyanza Kusini. Mimi ndimi Nyanza Kusini, Achieng'. Mimi na Auma na wewe uliyetumwa soda.

Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali, akahutubu. Akasema taifa litaendelea kwa uvumbuzi wa vijana wetu wa vyuo vikuu, na kwamba mafundi wa jua kali lazima waache kuigaiga na wajifunze kubuni. Kuigaiga. Nilikuwa nimekaa mstari wa nne na kovu la kuchomelea bamba lile lile bado mkononi. Kisha mhadhiri akaanza kufundisha. Akatugawia karatasi zenye mchoro wa jiko, akasema tutautumia kama mfano wa namna wazo linavyozaliwa.

Nikainua mkono. Nikasimama, nikasema, "Bwana mwalimu, hilo jiko ni langu. Mlilipima kibandani kwangu Migori, mkala kuku kwangu."

Hakukana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, hakukana. Akatabasamu vizuri tu.

"Mzee, tunathamini sana mchango wako. Lakini nikuulize. Hilo wazo uliliandika wapi?"

"Kuliandika?"

"Ndiyo. Wazo lisiloandikwa popote ni la kila mtu. Na hilo, mabibi na mabwana, ndilo somo letu la mchana."

Watu wakacheka. Mafundi wenzangu, nakuambia, ndio waliocheka zaidi. Nikaketi. Nilipewa chakula cha mchana na cheti chenye jina langu limekosewa, kwamba nimefuzu kuwa mjasiriamali.

Sikurudi nyumbani siku hiyo. Nilipanda gari la kwenda Sindo. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka mtu wa kukasirika pamoja nami. Nilimkuta Auma kwenye jiko anageuza samaki. Nilimwaga yote, ubao, rangi ya fedha, mgeni rasmi, kuigaiga. Nilisema wametufanya vile viwanda vinavyomfanya mbuta. Wamekata mnofu wa akili yetu, wameupandisha ndege, halafu wanaturudishia mifupa na kutufundisha namna ya kuitafuna. Nilijiona nimesema jambo kubwa. Yeye alikuwa anageuza samaki mmoja mmoja, hajanitazama.

Mwishowe akauliza, "Kwa hivyo umekasirika."

"Nimekasirika sana."

"Vizuri. Kaa nayo kidogo, shemeji. Mimi nimekaa nayo miaka minne."

Akafunga droo, akaniuliza kama nitakula ugali wa mtama au wa mahindi.

Sasa ungefikiri mtu aliyeambiwa hivyo angejirekebisha. Mimi sikujirekebisha. Nilikula ugali wake, nikarudi Migori, nikaanza kulalamika. Nililalamika kibandani, nililalamika nyumbani, nililalamika kwenye mikutano ya maombi, niliwaambia wateja. Na kila nilipolisimulia, nilisimulia kuanzia pale gari jeupe lilipokuja. Sindo niliiacha nje. Nilikuwa na hasira ya kweli, na mtu mwenye hasira ya kweli hakuna anayemuuliza kabla ya hapo palitokea nini. Wewe ulikuwa unakaa pale jikoni na vitabu vyako unasikiliza. Hapo ndipo insha yako ilipotoka. Hukudanganya wewe. Uliandika ulichosikia kwa baba yako.

Lakini usije ukadhani nimeandika barua hii kuwasafisha wale watu. Kosa langu halifuti lao, na hasira yangu kwao iko pale pale, hata nikiomba. Sikiliza walichofanya baadaye, maana hili sikuwahi kukusimulia vizuri.

Mwaka uliofuata walipeleka Sindo majiko yao ya rangi ya fedha, ya mradi, kwa vikundi vya akina mama. Bamba ndani limelala kama lilivyolala mezani. Mafuta yakajaa juu yake badala ya kuteremka, yakashika moto, moto ukatoka mpaka mlangoni. Na rangi ile ilipopata joto, samaki akanuka kama mlango mpya. Hakuna aliyenunua. Akina mama wakaenda kwa Auma. Auma akawaambia wayainamishe kwa kuweka mawe chini ya miguu ya upande mmoja, akawatobolea tundu la mafuta kwa msumari. Yalisaidia kidogo, ila rangi haikutoka. Mengi yakaachwa. Nilipokwenda mara ya mwisho kuku walikuwa wanatagia humo.

Halafu kijana mmoja wa ofisi ya uvuvi aliniambia aliisoma ripoti ya mradi huo. Ripoti ilisema jiko ni zuri, bali wanawake wa Sindo hawako tayari kupokea mabadiliko.

Achieng', nimejaribu kumsamehe aliyeandika sentensi hiyo. Naendelea kujaribu. Auma alibuni kitu kile akiwa hana hata waya mzima wa kutandika. Alikitengeneza tena walipokiharibu, bila kuombwa wala kushukuriwa. Na mahali pekee wanawake wa Sindo walipoandikwa katika habari yote hii, wameandikwa kama watu wanaozuia maendeleo. Na karatasi hiyo ndiyo itakayokaa maktaba. Huenda ukapewa uisome, upewe na alama ukiirudia vizuri.

Kwa hiyo unajua kinachonisumbua. Kesho unakwenda kukaa mbele ya mhadhiri yule yule, na unakwenda na insha yenye uongo wangu. Wadhamini wameipenda. Umeniambia kwamba mwaka wa kwanza kila mwanafunzi atasimama aeleze ubunifu mmoja wa kwao, na wewe umekwisha chagua. Utasimama useme baba yangu. Halafu itaandikwa, na ikishaandikwa, mhadhiri alisema mwenyewe, imekwisha. Nani atamtoa Auma chini ya karatasi mbili, moja ya chuo na nyingine ya mtoto wa ndugu yake mwenyewe?

Na kuna jambo jingine linalonitisha kuliko hilo. Yule msichana mwenye daftari hakuwa mtu mbaya. Aliosha vyombo vyetu. Alimwambia mama yako kwamba kwao wanalima viazi na kwamba baba yake amefariki. Alikuwa mtoto wa watu kama sisi, anayetaka kupasi mtihani. Mwaka wa pili au wa tatu watakupa daftari na wewe, utapanda gari jeupe, utachinjiwa jogoo mahali, na mzee fulani atakudanganya kwa sababu anaona haya mbele ya mafundi wenzake. Sitaki kukufundisha kazi ambayo siijui. Nakuomba tu, ukisikia mtu anakwambia ni akili aliyopewa na Mungu, usiandike bado. Mwulize tena. Mwulize mbele ya mkewe. Jikoni watakuambia mengi ambayo mwenye nyumba hataki kuyasema.

Somo lenyewe silikatai. Watu wengine hapa wananiambia, utampelekaje mtoto kwa wezi wako? Mimi nasema nchi hii ina akili nyingi mikononi mwa watu wasiojua kuandika, na kama wanaojua kuandika wote watakuwa watoto wa wengine, tutakula mgongo wazi mpaka wajukuu. Nenda ukajue vitu vyote walivyonavyo, hati za kulinda wazo, namna ya kuandika ripoti, maneno yote makubwa. Ila usijifunze lile tabasamu.

Sasa nikwambie nilichoamua upande wangu. Jumanne nitakwenda Sindo. Nitakaa mbele ya Auma na nitamwomba msamaha, mumewe akiwepo, na nitamuuliza kama ananiruhusu nisimame kanisani, pale pale ulipokuwa umesimama leo, niseme habari yote kuanzia mwanzo. Sitamtaja mbele ya watu kabla hajakubali. Nimeshazungumza na mchungaji bila kumweleza ni jambo gani, nimemwambia tu kwamba Jumapili ijayo nina ungamo. Akaniuliza kama ni refu. Na kibandani pia nitasema. Onyango acheke, nimejiandaa.

Mama yako anajua. Nimemwambia leo alasiri, nyuma ya nyumba. Kumbe alijua tangu siku ya mtungi, Auma ni dada yake, wangefichana nini? Alinitazama tu akasema alikuwa anangoja aone nitalisema nikiwa na umri gani.

Upande wako siwezi kuamua. Ukiwaandikia wadhamini kwamba insha ina kosa, sijui watafanya nini. Wanaweza kukuona mtoto mwaminifu, au wanaweza kuona umewadanganya na wakaondoa mkono wao, na wewe umengoja miaka miwili nyumbani ukifundisha watoto wa watu chini ya mti ili uifikie siku ya kesho. Mimi ndimi niliyekutia katika jambo hili, na sina haki ya kukuambia ulipie. Ukinyamaza, sitakusema kwa mtu. Nitaendelea kukuombea vilevile, na nitaendelea kukata mapipa ili uwe na la kutumia. Lakini nimeona afadhali ukinyamaza uwe unajua unanyamazia nini, kuliko usimame mbele ya watu ukiwa umebeba uongo wa baba yako na kudhani ni heshima yake.

Kile kigae cha mtungi kilishapondeka, usiende kukitafuta ukija likizo. Auma yupo, mtafute huyo. Ana mawazo mengine kuhusu dagaa na mvua ambayo alianza kunieleza mwaka jana nikajifanya nina haraka.

Nasikia mama yako ananiita nije nifunge kamba ya sanduku, kwa hiyo naishia hapa. Mungu akutangulie na akulinde, akupe marafiki wenye akili timamu.

Uniandikie upesi, Achieng', usingoje mpaka upate la kunifurahisha. Niambie umeamua utasema jina la nani. Kama umenikasirikia, andika hivyo hivyo, nitasoma. Nitakuwa naulizia posta kila Ijumaa.

Ni mimi baba yako akupendaye,

Zakaria